Dopamini Haina Furaha Ndani Yake

Asante Mwenyekiti. Walimu wenzangu, ndugu wanafunzi, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Nimelisema darasani, nimelisema kwenye semina, na leo nalirudia kwa sababu kila nikishika simu nakutana nalo: "Dopamini ni kemikali ya furaha, serotonini ni kemikali ya utulivu." Si kweli. Anayeniandikia hivyo kwenye mtihani hapati maksi.

Dopamini ni molekuli tu. Ikifika kwenye seli ya neva, itakachofanya kinaamuliwa na seli iliyoipokea. Na ndani ya seli hiyo, mwamuzi ni protini G iliyojishikiza upande wa ndani wa utando wa seli, chini ya kipokezi, yaani protini inayoishika kemikali ikifika. Muundo wake siurudii. Vipande vitatu, alfa, beta na gama; kipokezi kikiguswa, molekuli ndogo ya GDP inatoka kwenye alfa, nyingine ya GTP inaingia na kuiamsha, alfa inaachana na wenzake: hayo mmeshayakariri. Ninachotaka ni kwamba ukiulizwa kemikali fulani inafanya nini, nawe uulize kwanza: kwenye seli ipi, kwa kipokezi kipi?

Mchukueni chura wa mwanasayansi Otto Loewi, mjini Graz, Austria, 1921. Habari ya ndoto iliyompa wazo la jaribio naiacha, kila kitabu kinayo, na watu wanakumbuka usingizi wa Loewi wakasahau jaribio. Mioyo miwili ya chura inadunda kwenye maji ya chumvi. Mmoja bado una neva yake ya vagasi, itokayo ubongoni. Loewi anaishtua neva hiyo kwa umeme, moyo unapunguza mwendo. Anayachukua maji ya moyo huo, anayatia kwenye moyo wa pili ambao hakuna aliyeushtua, nao unapunguza mwendo. Basi neva ilikuwa imemwaga kitu, na kitu hicho kikaja kutambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi akapata Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi waliichukua Austria, wakamtia ndani kwa sababu alikuwa Myahudi, na hawakumwachia aondoke mpaka alipowakabidhi fedha za tuzo zilizokuwa benki huko Stockholm. Hilo halitoki kwenye mtihani, lakini lijueni.

Sasa mtazameni chura huyohuyo mguuni. Neva ya msuli wa paja inamwaga asetilikolini ileile, na msuli unajikunja. Kule inatuliza, huku inakaza! Kwenye msuli, kipokezi chenyewe ndicho mlango: asetilikolini ikikigusa kinafunguka ndani ya milisekunde, sodiamu inaingia. Moyoni kipokezi si mlango. Kinaiamsha protini G, nayo inakwenda kufungua mlango mwingine kwenye utando, mfereji wa potasiamu. Potasiamu inatoka, seli inakuwa nzito kusisimka.

Najua kuna mtu anasema moyoni mwake, "Mwalimu, tumekuja kusikia habari za ubongo." Ngoja kidogo, tunafika. Mwaka 1985 ilionekana kwamba sumu ya bakteria wa kifaduro, ambayo huzima protini G za aina ya kuzuia, ikitiwa kwenye seli za moyo, asetilikolini haiufungui tena ule mfereji. Mwaka 1987 kundi la David Clapham na Eva Neer likatangaza kwamba kipande kinachoufungua ni beta-gama. Ukazuka ubishi mkali! Enzi hizo alfa ndiyo iliyohesabiwa kuwa na kazi, beta-gama ikaonekana msindikizaji tu, na kundi jingine likashikilia kwamba ni alfa. Leo ubishi umekwisha: beta-gama inaushika mfereji wenyewe. Na mifereji ya ukoo huo imejaa ubongoni. Mgonjwa wa saratani anayepewa morfini anapata nafuu kwa sehemu kupitia mifereji hiyo, kwa sababu kipokezi cha morfini nacho kimefungamana na protini G ya kuzuia.

Turudi kwenye dopamini. Ndani kabisa ya ubongo, katika striatamu, zimo seli jirani za aina mbili. Zenye kipokezi D1 zina protini G ya kuchochea, na cAMP, kemikali inayosambaza ujumbe ndani ya seli, inapanda. Zenye D2 zina ya kuzuia, na cAMP inashuka. Kengele ya shule ni moja. Darasa hili linatoka, lile linaingia. Dopamini ileile ikija, sinapsi za seli za D1, yaani viungo ambapo neva hupokezana ujumbe, huelekea kuimarika na za D2 kudhoofika. Hapo furaha iko wapi?

Kuimarika kwenyewe tumekujua kupitia konokono wa baharini, Aplysia, aliyemletea mtafiti wa kumbukumbu Eric Kandel Nobel ya 2000. Ukimshtua mkiani, serotonini inamwagika, protini G inachochea, cAMP inapanda, kimeng'enya PKA kinaamka na kufunga mifereji ya potasiamu. Msukumo wa neva unarefuka, kalisi inaingia zaidi, sinapsi inapiga kwa nguvu zaidi. Mshtuko mmoja, athari yake ni dakika. Rudia mara tano kwa vipindi, PKA inaingia hadi kwenye kiini cha seli, jeni zinawashwa, sinapsi mpya zinaota, na kumbukumbu inadumu siku kadhaa. Serotonini hiyo, inayoitwa ya utulivu, hapa inamfanya konokono awe mwepesi wa kushtuka.

Muda unanibana, kwa hiyo la protini G kujizima nalipitia haraka, ingawa lilistahili mhadhara wake. Alfa huikata GTP yenyewe, polepole, na hivyo kujizima; protini za RGS huiharakisha. Kujizima kukishindikana ni balaa: sumu ya kipindupindu huizuia alfa ya kuchochea isijizime kwenye seli za utumbo, cAMP inapanda bila kukoma, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Ni protini G ya aina ileile iliyomfundisha konokono.

Glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, nayo ina vipokezi vya protini G, na katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, baadhi yake hudhoofisha sinapsi badala ya kuziimarisha. Sikupata nafasi ya kuvieleza, niulizeni. Karibuni kwa maswali.