Sarafu Moja, Dini Mbili

Asanteni kwa kuja. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana narudi palepale: kile kistari kinachojaa kwenye mchezo wa kompyuta watu wanapobadilishwa dini, na jinsi kinavyoidanganya historia.

Crusader Kings III, mchezo wa kompyuta wa kutawala falme za Zama za Kati, wengi wenu mnaicheza. Unaanza mwaka 867 na mtawala wa Kidenmark aliyeketi York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, unamtuma kuhani wako awabadili wenyeji dini. Kistari kinajaa mwezi hadi mwezi. Kikifika mia, kaunti nzima, ajuza kwa kitoto kichanga, imekuwa ya Thor, mungu wa ngurumo wa Wadenmark wa kale. Jana yake wote walihesabiwa Wakristo. Hakuna aliyesitasita, hakuna aliyechanganya.

Sasa twendeni York yenyewe. Wadenmark waliitwaa 866. Mwaka 869 jeshi lao likamuua Edmund, mfalme Mkristo wa Anglia Mashariki, upande wa mashariki wa Uingereza. Kabla karne ile haijaisha, katika nchi hizohizo walizozitawala, zikawa zinapigwa sarafu zenye jina la Edmund Mtakatifu! Baba kaua, mwana ananunua samaki kwa sarafu yenye jina la marehemu. Kuhani gani alitumwa? Walioshindwa ndio waliowavuta washindi.

Na York penyewe, miaka ya 920, ikapigwa senti ya fedha, ndogo kuliko shilingi ya Kenya. Isomeni taratibu: jina la Petro Mtakatifu, upanga, na nyundo ya Thor. Vyote juu ya kipande kimoja. Aliyeichora alijua itapita mikono ya watu wa namna zote sokoni, na hakuona haja ya kuchagua. Mchezo, wenye rangi moja kwa kila dini kwenye ramani yake, ungempaka rangi gani mtu huyo?

Najua mtaniambia kompyuta haibebi hesabu ya dini mbili mahali pamoja. Inabeba! Paradox, kampuni ileile ya Uswidi iliyotengeneza Crusader Kings, walitoa mchezo mwingine, Imperator: Rome, mwaka 2019, na humo mji mmoja una makundi ya watu wa dini mbalimbali, kila kundi linahesabiwa kivyake. Basi tusisingizie mashine. Na anayesema "ni mchezo tu", nimechoka kumjibu: vijana wangapi hapa Zama za Kati walizijulia kwenye ile ramani? Mtoto akishaona dini inageuka kwa agizo la ikulu, ataamini hivyo hata darasani.

Hata kwetu, Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, wachimbuzi walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, ya kwanza ya karne ya 8. Imejengwa na kujengwa upya papo hapo, ikizidi kupanuka. Hapo panaonekana watu wakiongezeka kwenye safu za sala, mmoja baada ya mwingine, vizazi kwa vizazi.

Nilikusudia kuzungumzia kodi, ndoa, na wafalme wa mchezoni wanaonunua dini mpya kwa alama za uchaji, lakini naona mwenyekiti ananyanyua mkono. Sarafu ya York nina picha yake kubwa hapa mezani. Njooni muione ile nyundo.