Majina Yanayojitokeza Yenyewe Si Kumbukumbu za Mawasiliano

Ndugu wasikilizaji, unapoandika barua pepe katika programu ya Outlook, herufi mbili tu kwenye sehemu ya mpokeaji zinatosha majina kujitokeza. Wengi wakiona hivyo huamini kwamba watu hao wamehifadhiwa. Si lazima iwe hivyo. Ile kwa kawaida ni orodha ya anwani ulizowahi kuziandikia. Haina simu, cheo wala taasisi. Tena hubeba makosa: ukikosea herufi moja leo, anwani hiyo mbovu itaendelea kupendekezwa mpaka uifute kwa alama ya X iliyo kando yake. Na mfanyakazi mwenzako akifunguliwa sanduku jipya la barua, hata kama anwani yake inasomeka vilevile, ujumbe wako unaweza kukurudia, maana pendekezo lile bado linaelekea sanduku la zamani. Lifute, kisha mchague upya kutoka kitabu cha anwani cha ofisi.

Kumhifadhi mtu ni kazi ya dakika moja. Bofya jina lake ndani ya barua kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kumwongeza kwenye anwani zako, kisha jaza taasisi, cheo na namba ya simu inayoanza na alama ya + na msimbo wa nchi.

Sehemu ninayowasihi msiiruke ni ile ya maelezo. Andika tarehe mliyokutana, mlikutana kwenye shughuli gani, nani aliwatambulisha, na hasa nani aliahidi nini. Baada ya miezi sita jina na namba havitakukumbusha lolote. Mstari mmoja wa maelezo utakukumbusha. Ahadi ikiwa yako, na unatumia Outlook ya zamani ya Windows, weka bendera ya ufuatiliaji kwenye kumbukumbu hiyohiyo, yenye tarehe na kikumbusho. Andika mambo ambayo mhusika mwenyewe angeweza kuyasoma: nchi nyingi zina sheria zinazompa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake mnazozitunza.

Kategoria, yaani lebo za rangi za kupanga watu katika mafungu, ziwe chache, tano au sita. Zikizidi, hakuna atakayezitumia.

Makundi ya wapokeaji nayo yana mtego. Ukibadilisha anwani ya mtu kwenye kumbukumbu yake, kundi katika Outlook ya zamani ya Windows hubaki na anwani ya awali hadi ulifungue na kubofya kitufe cha kusasisha.

Mwisho, kuhamisha kumbukumbu kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Ukilifungua moja kwa moja katika Excel na kulihifadhi, namba za simu hupoteza alama ya + na sifuri za mwanzo, kwa sababu Excel huzichukulia kama tarakimu za hesabu. Liingize kupitia menyu ya data, na safu ya simu uitaje kuwa maandishi. Unapolirudisha Outlook, utaulizwa kuhusu majina yanayojirudia. Soma swali hilo kabla ya kubofya: chaguo la kubadilisha hufuta kumbukumbu iliyopo, pamoja na maelezo yako yote. Hamisha nakala ya akiba kwanza, halafu jaribu na watu watano kabla ya kuingiza orodha nzima.