Usiyeamini, Nani Atakuzika?

Ndugu zangu, kila tukikutana maswali ni ya polisi na jela. Kenya haimfungi mtu kwa kutoamini Mungu. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini. Karani wa sensa uliweza kumwambia. Mjomba je?

Hatari iko kwa jamaa. Karo, bili ya hospitali, posa, matanga: yote hupitia vikao vinavyofunguliwa kwa sala. Hakuna atakayekufukuza. Simu zitapungua tu, na siku ukilazwa, mchango hautafika.

Kwenye matanga nitakaa, maana hapo watu wanajidanganya. "Nimeandika wosia nisiombewe, basi." Basi nini? Wosia ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, wasio warithi, unagawa shamba na akiba. Maiti si mali. Ulivyotaka kuzikwa, mahakama zetu hulichukulia kuwa ombi, halizilazimishi. Mnamkumbuka S. M. Otieno, wakili wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukadai Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, na ukoo ukashinda. Huyo alikuwa wakili, na mkewe alipigana hadi Mahakama ya Rufani. Wewe utapiganiwa na nani?

Mtasema maiti haijui. Mwenzi wako anajua. Ndiye atakayesimama kando ya kaburi mhubiri akitangaza kwa kipaza sauti kwamba ulitubu usiku wa mwisho, na hataweza kumkatiza.

Kwa hiyo andika barua ya maziko mbali na wosia, kwa sababu wosia mara nyingi hufunguliwa mkishazika, ilhali kamati ya mazishi huanza kuketi jioni ile ile. Mtaje atakayefuatilia kibali cha mazishi. Nakala moja mpe mwenzi, nyingine mpe jamaa anayeamini na anayesikizwa na wazee. Neno lake ndilo litakalopita.

Ndugu wa Mombasa na Lamu, kwenu ni kuzito zaidi. Mirathi ya aliyekufa Mwislamu hugawanywa kwa sharia, na katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, aliyeritadi (aliyeuacha Uislamu) hamrithi Mwislamu. Ukitamka barazani, umempa nduguyo hoja ya kukutoa.

Mengine haraka. Ndoa: nendeni kwa msajili. Mahakamani: mwambie karani mapema kwamba utathibitisha, yaani kuahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu, badala ya kuapa. Ya waajiri na wenye nyumba leo nayaacha.

Na wewe unayelipiwa karo na mjomba, nyamaza kwanza. Huo si unafiki. Maliza chuo, uwe na kodi ya miezi mitatu mkononi, ndipo useme. Anza na mtu mmoja, usianzie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.