Sasa ya Nani?

Asanteni kwa kunikaribisha. Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Kadi ya mwaliko ilisema 19:00. Nyie mmekuja saa moja, na wachache, siwataji, saa mbili kasoro. Hakuna aliyepotea. Tunasoma kumi na tisa, tunatamka moja, wala kichwa hakiumi.

Wiki yetu ndiyo kituko zaidi. Tunahesabu baada ya Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, maana wao huanzia Jumapili. Tuna siku mbili za tano zimekaa jirani, ya sita hatuna kabisa, na maisha yanaendelea. Ukienda Kigoma, jua linazama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, lakini saa za ukutani zinafanana. Vuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, Kongo: unarudishiwa saa nzima, na jua ni lile lile.

Kwa ushahidi huu wengi huhitimisha kwamba wakati tumeutunga sisi wenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alinipa hoja hiyo alipochelewa mtihani. (Kicheko.)

Mimi nimekulia pwani ya Tanga. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, tulitembea mbali miambani kutafuta pweza. Siku moja tulinogewa. Maji yalirudi kwanza nyuma yetu, kwenye vijito vya mchangani, ilhali sisi macho yote yako mbele, baharini. Tulipogeuka yako magotini. Tulipokaribia nchi kavu yako kifuani, na pweza tumeshawaacha. Kila siku maji hukawia dakika kama 50 kuliko jana, yakiufuata mwezi, na yangekawia hivyo hata kama pwani nzima isingekuwa na mtu wa kuhesabu. Dakika ni jina letu. Muda wenyewe, kati ya kupwa na kujaa, haukutusubiri tuukubali.

Hadi hapo nadhani tuko pamoja. Ngoja niwaudhi.

Mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Hafele na Keating, walipakia saa nne za atomu kwenye ndege za kawaida za abiria, wakazizungusha dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi. Zikalinganishwa na zile zilizobaki nyumbani. Safari ya mashariki zilichelewa nanosekunde 59 hivi; ya magharibi zikatangulia kwa 273. Nanosekunde ni sekunde iliyokatwa vipande bilioni moja. Saa hazikuharibika. Mwendo na kimo hubadili kasi ya wakati, kama Einstein alivyokuwa ameshakokotoa.

Nimepiga hesabu ya kwetu. Saa ikiwekwa kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, kila siku itaitangulia saa ya ufukweni Tanga kwa nanosekunde kama 55. Anayeona huo ni mchezo wa wasomi amuulize bodaboda anayefuata ramani ya simu: saa za setilaiti za GPS hutangulia zetu mikrosekunde 38 kwa siku, yaani nanosekunde 38,000, na zisingerekebishwa, siku moja tu ingetosha kumshusha abiria wa Sinza huko Kigamboni.

Sasa, kati ya saa ya mlimani na ya ufukweni, ipi sahihi? Zote mbili. Kila moja imepima barabara muda uliopita pale ilipo. Muda umebaki salama. Iliyochanika ni ile "sasa" moja tunayodhani imetandikwa kama mkeka kuanzia ukumbini hapa hadi kwenye nyota, na viumbe wote wameketi juu yake. Hiyo ndiyo tuliyoibuni, na ndiyo hakuna anayeitilia shaka.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na Zamani, na wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Hilo simkubalii. Yeye aliegemea Kikamba na Kikikuyu, sawa, lakini lugha yenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo huwezi kuiambia haioni mbele. Ila Sasa yake haikuwa nukta. Ilikuwa pana, na ya mzee ilikuwa ndefu kuliko ya kijana. Hapo, nadhani, aliwakaribia wanafizikia kuliko alivyokusudia.

Mbingu leo iko wazi. Mkitoka, tazameni kaskazini, juu: kile kishada kidogo cha nyota ni Kilimia, ambacho wakulima wetu walikisomea mvua. Mwanga mtakaouona ulianza safari miaka kama 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593. Kilimia kinafanya nini sasa hivi? Inategemea nani anauliza. Wewe uliyeketi una sasa yako ya kule. Mwendo huinamisha "sasa" ya mtu kidogo sana, na umbali huikuza tofauti: mwenzako anayetembea kwa miguu kukielekea, mwendo wa kawaida tu wa kwenda dukani, sasa yake ya kule imeitangulia yako kwa dakika nzima. Na hakuna mwamuzi.

Haya, maswali. Tuanze na bibi pale nyuma, amenyoosha mkono tangu tulipokuwa Kigoma.