Kukausha Hewa ya Ghala: Uendeshaji na Utunzaji wa Mashine Kubwa za Kuhamishika

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi watunza ghala na watunza nyaraka mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii,

Nimeombwa nizungumzie mashine kubwa za kukausha hewa, zile zenye magurudumu na mkono wa kuvutia, ambazo huhamishwa kutoka chumba hadi chumba na ambazo zinaweza kutoa lita 30, 50, hata 80 za maji kwa siku. Nitaanza na maji yenyewe kabla ya kuigusa mashine. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa mashine hizi, kwamba hazikaushi, kwamba zinakula umeme, kwamba zinakufa upesi, chanzo chake ni mwendeshaji kutojua maji anayoyafukuza yako wapi na yanaingilia wapi.

Tuchukue chumba cha kawaida cha nyaraka hapa pwani, chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 120. Katika siku ya masika, nyuzijoto zikiwa 30 na kipimo cha unyevu kikisoma asilimia 80, yaani hewa ina asilimia 80 ya mvuke inayoweza kuubeba kwa joto hilo, kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takribani gramu 24 za maji. Tukitaka kuishusha hadi asilimia 55 bila kubadili joto, inatubidi tuondoe gramu 7.6 hivi kwa kila mita ya ujazo, na kwa chumba kizima hesabu hiyo haifiki hata lita moja. Mashine ya lita 50 ingepaswa kuimaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne. Mbona basi tanki linajaa usiku na mchana, wiki nzima, na kipimo hakishuki?

Jibu la kwanza ni hewa ya nje. Hewa ya chumba hicho ikibadilishana na ya nje mara moja tu kwa saa, jambo la kawaida penye madirisha ya nyavu na mlango usiobana, zinaingia takribani lita 22 za maji ya kuondolewa kila siku, na hapo mwenye mashine anakausha Bahari ya Hindi kwa gharama yake. Jibu la pili ni vitu vilivyomo chumbani. Karatasi, mbao, nguo na maboksi hunyonya maji kutoka hewani na kuyatema hewa inapokauka. Tani moja ya karatasi iliyozoea asilimia 80 ikishushwa hadi 55 hutema makumi ya lita, nayo huyatema polepole, kwa majuma. Kwa hiyo wiki za mwanzo mashine itatoa maji mengi hata kama chumba kimezibwa vizuri, na hiyo ni dalili njema. Kisichokuwa chema ni kiasi cha maji hayo kubaki kilekile baada ya miezi miwili. Hapo tafuta tundu, usitafute mashine kubwa zaidi.

Ziba kwanza, kisha washa. Ukanda wa mpira chini ya mlango, karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa utepe juu ya madirisha, na kanuni kwamba mlango haufunguliwi ovyo, vitaongeza uwezo wa mashine yako kuliko fedha yoyote utakayoitumia dukani.

Hapa sina budi kugusa nyumba zetu za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ya kale. Kuta hizo hupandisha maji kutoka ardhini, na maji hayo hubeba chumvi. Ukiweka mashine kubwa ukaiamuru ishuke haraka hadi asilimia 40, ukuta hulazimika kutoa maji yake kwa kasi, chumvi huganda karibu na uso, na lipu huanza kupukutika kama unga. Mwenye nyumba huona unga huo akadhani ukuta umekauka. Katika majengo ya namna hiyo napendekeza mashine iwekwe kwenye asilimia 60, ishushwe kwa hatua ndogo, na kabla ya yote mfereji wa paa urekebishwe na lipu ya saruji iliyopigwa juu ya chokaa ichunguzwe, kwa kuwa saruji huyafungia maji ndani ya ukuta. Mashine haiwezi kutibu paa linalovuja.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Feni huvuta hewa ya chumba kupitia chujio na kuipitisha kwenye koili ya baridi, yaani mirija iliyokunjwakunjwa. Hewa inapoa chini ya kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji, ambacho kwa nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80 ni kama nyuzijoto 26, na maji hujitenga yakadondoka kwenye trei. Hewa hiyohiyo hupita kisha kwenye koili ya moto na kutoka ikiwa kavu na yenye joto kuliko ilivyoingia. Kompresa husukuma gesi kati ya koili hizo mbili. Kwa ufupi ni friji, ila baridi yake na joto lake vyote vinabaki chumbani. Kila lita ya maji inayodondoka hurudisha hewani karibu kilowati-saa 0.7 za joto, na juu yake huongezeka umeme wote ambao mashine imetumia. Chumba kilichofungwa kitapanda joto, na mtunza nyaraka akinilalamikia kwamba mashine ni mbovu kwa sababu haileti ubaridi, humjibu kwamba haikuundwa kwa kazi hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba hata mitambo ya kupooza hewa ilianzia kwenye shida hii yetu. Mwaka 1902, Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevu hadi rangi zikawa hazikutani sawasawa. Aliyemtuma alitaka unyevu udhibitiwe. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Namba ya lita iliyoandikwa kwenye boksi isomwe kwa uangalifu. Watengenezaji wengi huipima kwenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, hali inayoipendelea mashine. Chumba kikishafika asilimia 60 mashine hiyohiyo mara nyingi hutoa nusu ya lita hizo au pungufu, na hakuna aliyekudanganya. Kinyume chake, mashine za nyumbani za soko la Marekani tangu 2019 hupimwa kwenye nyuzijoto 18 hivi, kwa hiyo namba zake huonekana ndogo kuliko za zamani ingawa nguvu ni ileile.

Iweke angalau sentimita 30 kutoka ukutani, mahali ambapo hewa inaingia na kutoka bila kizuizi, na mdomo wake wa hewa ya moto usielekezwe kwenye rafu za vitabu. Ikiwa imesafirishwa ikiwa imelala, isimamishe na kuiacha siku nzima kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Ukiizima, subiri angalau dakika 5 kabla ya kuiwasha tena. Kompresa inayolazimishwa kuanza huku gesi ikiwa bado na msukumo mkubwa upande mmoja huvuta umeme mwingi na kuunguza waya zake.

Usiamini kipimo cha unyevu kilichojengwa kwenye mashine mpaka umekijaribu kwa kipimo kingine, na hicho kingine nacho kijaribiwe kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, kisha idondoshee maji hadi ilowe yote bila kuyeyuka. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, chumvi isiguse kipimo, ukiache usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki. Asubuhi hewa ndani ya chombo hicho itakuwa kwenye asilimia 75, kwa kuwa ndivyo chumvi ya kawaida iliyolowa inavyoishikilia. Kipimo kikisoma 81, kinazidisha kwa 6. Bandika utepe nyuma yake, andika hivyo kwa kalamu ya wino, na kiendelee na kazi. Ghala nyingi zinaendeshwa kwa vipimo ambavyo havijajaribiwa tangu vitoke dukani.

Maji yanayotoka yaende kwenye bomba lenye mteremko usiokatika hata mara moja, kwani kipande kimoja kikiinuka maji husimama, utando wa kijani humea, na trei hufurika juu ya sakafu. Mashine zenye pampu zina kielea kinachoiamsha pampu. Kila mwezi mimina kikombe cha maji safi kwenye trei na utazame kama pampu inaamka na kunyamaza yenyewe. Wanaotumia ndoo waimwage kila siku. Ndoo iliyosahauliwa wiki moja ni kitalu cha mbu, nasi watu wa pwani tunaijua dengi. Baadhi ya mafundi huyatia maji haya kwenye betri za magari. Siafiki: yamepita juu ya shaba, alumini na vumbi la chumba, na betri inataka maji yasiyo na madini. Yanafaa kudekia.

Katika usafi, chujio ndilo lenye kuamua. Penye vumbi la ujenzi lioshwe kila wiki, kwingine kila mwezi, kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, likaushwe kivulini hadi likauke kabisa. Machujio ya karatasi hayaoshwi, hubadilishwa. Baada ya chujio, kagua koili: zima mashine, chomoa plagi, fungua kifuniko na umulike kwa tochi kati ya mapezi membamba ya alumini. Ikiwa mwanga haupenyi upande wa pili, safisha kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa mapezi, kamwe usiipitishe brashi kwa kuyakatiza, kwani mapezi hujikunja kwa mguso mdogo. Pampu ya kuoshea magari isikaribie hapo. Penye upepo wa baharini chumvi hushika mapezi hayo na kuyala hadi yawe unga mweupe, kwa hiyo yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa kwa mwaka hata kama yanaonekana safi.

Kuhusu umeme, niseme waziwazi juu ya mashine za mitumba zinazotoka Marekani. Zimeundwa kwa volti 115 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), nasi tuna volti 230 au 240 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na mota ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita huku ikipata moto kuliko ilivyokusudiwa. Kama kibandiko cha nyuma hakitaji hezi 50, iacheni hukohuko dukani. Waya wa kurefushia uwe mfupi, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, na kama umeviringwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote. Umeme unaokatika na kurudi ghafla udhibitiwe kwa kilinzi cha friji chenye kuchelewesha kuwaka. Kwa jenereta, kumbukeni kwamba kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, hivyo jenereta isipimwe kwa namba ya kawaida pekee.

Sasa hitilafu. Mashine inayonguruma bila kutoa maji, huku koili yake ya baridi ikiwa na barafu, ina moja ya mambo matatu: chumba kina baridi, hewa haipiti, au gesi imepungua. Katika ghala za Njombe au Limuru, ambako nyuzijoto hushuka chini ya 18, barafu ni jambo la kutarajiwa, na huko inafaa kutafuta aina ya pili ya mashine, yenye gurudumu la silika linalonyonya unyevu bila koili ya baridi. Lakini hapa Tanga au Mombasa, barafu ndani ya chumba chenye nyuzijoto 28 ni ugonjwa. Safisha chujio na koili, hakikisha feni inazunguka kwa kasi yake, uiachie barafu iyeyuke, kisha uwashe tena. Barafu ikirudi upande mmoja tu wa koili huku upande mwingine ukiwa mkavu, kuna uwezekano mkubwa gesi imevuja.

Gesi haiishi kwa kutumika, kwa hiyo fundi anayeiongeza bila kutafuta mahali inapovujia amekuuzia miezi michache tu. Mwulize atatumia gesi gani, asome kibandiko mbele yako, wala asikubali kuchanganya. Mashine nyingi mpya hutumia R-290, ambayo ni propani, gesi inayoshika moto. Hizo zisifunguliwe ndani ya ghala la karatasi, zisichomelewe kabla gesi haijatolewa yote na mrija kusafishwa kwa naitrojeni, na zikisukumwa nje kwa matengenezo zipelekwe mahali penye upepo, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara. Nipo tayari kwa maswali yenu, na nitaomba tuanze na wale walioleta picha za vibandiko vya mashine zao.