Petro Aliyelala Usingizi

Bwana asifiwe wapendwa. Leo sitahubiri sana, nataka tuongee tu kuhusu hofu, ile inayokuamsha saa nane usiku halafu inakaa na wewe mpaka kunakucha.

Mimi nilishawahi kusubiri majibu ya vipimo wiki nzima, kila usiku nashika simu naangalia kama kuna meseji wakati najua kabisa saa hizo hakuna anayetuma, naizima, naiweka chini ya mto, dakika tano nyingi naitoa tena. Na nilikuwa naomba jamani, naomba kweli, lakini nikisema amina tu mzigo naunyanyua naondoka nao.

Sasa mstari ambao wote tunaujua, 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Hilo neno kumtwika, kwa Kigiriki alichoandika Petro, kwenye Agano Jipya lote linapatikana mara mbili tu, hapo na kwenye Luka 19:35 pale wanafunzi wanapotupia nguo zao juu ya mwana-punda ili Yesu apande. Hebu ione ile nguo, ilikuwa begani kwako, sasa iko mgongoni kwa punda, punda anatembea nayo na wewe unatembea mikono mitupu. Ndo kumtwika huko. Mimi yangu nilikuwa namwonyesha tu Mungu halafu navaa tena.

Lakini kilichonigusa zaidi ni aliyeyaandika hayo. Rudi Marko 4, dhoruba, maji yanaingia chomboni, Yesu amelala kwenye mto, na wanafunzi, Petro akiwa mmoja wao, wanamwamsha wanamwambia "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Yaani hujali? Na hakuwafukuza kwa kuuliza vile, alianza kwanza na upepo ndio akaja kwao. Sasa sikiliza, hilo neno la "si kitu kwako" na lile la "hujishughulisha sana" kwa Kigiriki ni neno lilelile moja. Chomboni walilia hatujaliwi, miaka imepita, Petro anawaandikia watu wanaoteswa anawaambia Mungu anawajali.

Kati ya hapo kuna Matendo 12. Herode kashamuua Yakobo kwa upanga, Petro yuko gerezani, walinzi vikundi vinne vya wanne wanne, kesho anatolewa mbele ya watu, na usiku ule Petro amelala! Katikati ya askari wawili, minyororo miwili, na usingizi wenyewe sio wa kusinzia maana malaika ameingia, nuru imejaa chumba, bado ikabidi ampige ubavuni ndio aamke. Yule yule wa chomboni. Na hakuwa ameahidiwa kwamba atatoka, Yakobo hakutoka.

Niseme na hili manake linaumiza watu makanisani, ukiwa na wasiwasi usioisha, huli, hulali, kwenda kwa daktari au mshauri sio kukosa imani. Eliya alipotaka kufa chini ya mti wa mretemu malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, hakumkemea. Usimwambie mtu "omba tu" halafu ukaondoka, kaa naye, hata usiku ule wa Petro kanisa lilikuwa macho linaomba.

Zaburi 55 kabla haijafika "Umtwike Bwana mzigo wako" imeshasema moyo unaniumia, natamani mbawa kama njiwa niruke niende mbali. Kwa hiyo usianze kwa kumpamba Mungu maneno, anza na linalouma, litaje kwa jina lake, kodi, mtoto, majibu ya hospitali, chochote.

Tusimame. Kila mtu na lake, kwa sauti yako mwenyewe, tuna muda wa kutosha.