Kupima Kostiki Iliyozidi katika Sabuni ya Kutengeneza Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, ikichanganywa na mafuta kwa kipimo sahihi huisha yote, ikabaki sabuni na gliserini. Kila mafuta yana kipimo chake: kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za kostiki, ilhali kilo 1 ya mafuta ya zeituni hutosheka na gramu 135 hivi. Kwa hiyo anayebadilisha mafuta bila kupiga hesabu upya anaweza kubakiwa na kostiki iliyokosa mafuta ya kuungana nayo, na hiyo ndiyo inayounguza ngozi.

Wengi hubandika karatasi ya pH, inayogeuka rangi kuonyesha kwa namba ukali wa asidi au wa kemikali za jamii ya kostiki, juu ya mche uliolowa, na wakisoma 10 huitupa sabuni. Naona huo ni uharibifu, kwani sabuni salama kabisa nayo huwa na pH ya 9 hadi 10 kwa asili yake. Wengine huigusisha ulimini, jambo nisilomshauri mtu yeyote, maana kostiki hula nyama ya mdomo.

Ninachokiamini zaidi ni fenolifthalini, dawa isiyo na rangi ambayo hugeuka waridi inapokutana na alkali kali, yaani kemikali ya jamii ya kostiki. Subirini siku mbili, kisha mkate mche katikati, kwa sababu hewa hugeuza kostiki ya juu kuwa kaboneti, chumvi isiyo kali kama kostiki, na kuuficha ukweli wa ndani. Dondosheni tone moja moja mahali kadhaa, hasa penye mishipa myeupe au majimaji yanayochuruzika, maana mchanganyiko usiokorogwa vizuri huacha vifuko vya kostiki hapa na pale. Waridi hafifu si tatizo; waridi iliyokolea ni onyo. Kipande kilichodondoshewa dawa kisiogewe.

Mwenye shaka aparuze sabuni kidogo, aiyeyushe katika alkoholi isiyo na asidi wala alkali, akiipasha ndani ya maji ya moto, mbali na miali, ndipo adondoshe dawa. Humo sabuni yenyewe haibadilishi rangi. Waridi ikitokea, ni alkali iliyozidi.

Sabuni ya namna hiyo huokolewa kwa kuiparuza yote, kuipika taratibu kwa maji kidogo na mafuta ya nyongeza, kuiacha ipoe, na kuipima tena kabla haijagusa ngozi ya mtu.